Kunyoosha Mbavu za Dirisha

Watu wengi wa viunga vya Dar es Salaam, kama Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, na Tandika na Mbagala upande wa Temeke, hujenga nyumba zao kidogo kidogo kwa kadiri wapatavyo fedha. Mwaka huu hununua matofali, mwaka ujao saruji. Na dirisha huachwa kuwa tundu tu hata zipatikane nondo na wavu wa mbu. Siku ya kutia fremu, tundu huonekana dogo, hupigwa nyundo na patasi, na mbavu zake hubaki na mashimo. Kuzinyoosha ni kazi awezayo mwenye nyumba mwenyewe, maadamu ana subira.

Wala si kazi ya urembo tu. Penye mwanya kati ya fremu na ukuta mbu hupita, wavu ukawa wa bure. Na mvua za masika, tangu Machi hata Mei, hupenya humo zikalowesha ukuta na kutia chuma kutu. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwanza, bandua vyote vilivyolegea, ufagie vumbi. Kisha tundika timazi kando ya fremu. Lipu na ifuate fremu, isifuate ukuta, maana ukuta wenyewe huenda umepinda, na jicho hutazama fremu: upana wake uonekanao uwe sawa juu na chini. Pigilia ubao ulionyooka usoni pa ukuta, ukingo wake uwe juu ya mstari wako. Huo ndio kiongozi wa mwiko.

Changanya ndoo moja ya saruji na ndoo nne au tano za mchanga uliochekechwa. Usichukue mchanga wa ufuoni, kwa kuwa una chumvi, nayo huvuta unyevu na kubambua lipu. Ingawa saruji hutengenezwa karibu, huko Wazo Hill, tangu mwaka 1966, mfuko wa kilo 50 si kitu cha kupoteza. Basi koroga kiasi kitakachokwisha kwa saa moja, na kilichoanza kuganda usikiongeze maji. Tena saruji huunguza ngozi na macho: watoto wakae mbali.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Wakiona shimo refu hulijaza lipu mara moja. Lipu nene ni nzito, huteleza kabla ya kushika. Na ikaukapo husinyaa, ikapasuka. Waashi wa pwani waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa walijua kutomea, yaani kujaza mashimo kwa vijiwe kabla ya kulainisha uso. Nasi tufanye vivyo hivyo. Lowesha ukuta; tia vipande vya tofali penye mashimo makubwa na kuvishika kwa lipu; kisha tandaza tabaka lisilozidi sentimita 1.5. Likwaruze kwa msumari lingali bichi, uliache hata kesho. Siku ya pili lilowesha, utandaze tabaka la mwisho na kulisawazisha kwa kufuata ubao. Haba na haba hujaza kibaba.

Anza juu, fuata mbavu mbili, umalizie chini. Na upande wa nje, sehemu ya chini iinamie nje, ili maji yasirudi ndani. Toa ubao polepole, usivunje pembe. Kisha nyunyiza maji asubuhi na jioni kwa siku saba, maana lipu ikikauka upesi kwa jua haipati nguvu.

Mwenye nyumba ya miti na udongo asitumie saruji. Ni ngumu kuliko ukuta wake, haishikamani nao, na hufungia unyevu ndani. Akandike kwa udongo uliochanganywa na majani makavu.

Juma likiisha, gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Ikitoa sauti nzito, imeshika. Ikilia kama ngoma, chini yake pana uwazi: kata sehemu hiyo na kuirudia kabla mvua haijafika.