Gumba na Shahada: Mpiga Gitaa Kavu Mbele ya Watu

Mpiga gitaa kavu anayetumbuiza peke yake ni bendi nzima iliyokaa kwenye kiti kimoja. Hana mpiga besi wa kumshikia msingi, hana ngoma za kumkumbusha mapigo, wala kinanda cha kuziba pengo sauti inapokatika. Ana nyuzi sita, kasha la mbao lenye tundu, koo lake na vidole vyake. Katika mkoa wa Singida, kama kwingi nchini, harusi na sherehe za kipaimara siku hizi huendeshwa na DJ mwenye spika zinazosikika mtaa wa pili. Kijana anayeingia humo na gitaa lisilo na umeme huonekana amekuja na chombo kidogo mno kwa kazi iliyopo. Hata hivyo, ufundi huu umekwisha kuteka watu wengi kuliko gitaa hilo linavyoonekana kuweza, na aliyeufikisha mbali kuliko wote katika ukanda unaosema Kiswahili alikuwa kijana wa Katanga aitwaye Mwenda Jean Bosco.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kusini mashariki mwa Kongo, mji uliokuwa makao ya watawala wa Wayeke. Asili ya Wayeke si Kongo. Katikati ya karne ya 19 kiongozi wao, Msiri, alitoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, akaenda Katanga kufuata biashara ya shaba na pembe za ndovu, akajenga dola lililodumu hadi alipouawa na msafara wa Wazungu Desemba 1891. Pembe zilizotoka huko kwenda pwani kupitia Tabora zilibebwa na wapagazi kukatiza Mgunda Mkali, pori lenye kiu lililotisha misafara, ambalo leo liko upande wa Itigi na Manyoni mkoani Singida. Mtoto wa Bunkeya alikuwa na undugu wa mbali na majirani wa Wanyiramba na Wanyaturu, na jina Mwenda ndilo lililobebwa na watawala wa Bunkeya kizazi hadi kizazi. Mwenyewe alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke.

Alipokuwa kijana, miji ya migodi ya Katanga ilikuwa imejaa wafanyakazi kutoka pande zote: Wakongo wa makabila mengi, watu wa Zambia, Malawi, Rwanda na Burundi. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini na kilabuni. Magitaa ya bei nafuu yaliuzwa madukani, santuri za Kuba zilipigwa kwenye gramafoni, na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zilionyeshwa kwa wafanyakazi. Mwenda alisikiliza vyote hivyo. Katika upigaji wake kuna nyimbo za asili za Katanga na Zambia, kuna Trio Matamoros wa Kuba, na kuna ule ulegevu wa waimbaji wa kwenye filamu waliopanda farasi huku gitaa likiwa kifuani.

Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey, aliyekuwa amezunguka Tanganyika na mitambo yake ya kurekodia miaka miwili kabla, alifika Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi. Huko alimkuta Mwenda, kijana wa miaka 22 hivi, akamrekodi. Wimbo wa Masanga ulitoka humo. Santuri za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, na ndani ya muda huo mfupi Mwenda alipanga mabadiliko ya gitaa moja baada ya jingine, kila mara akirudi kwenye kiini kilekile akiwa amekigeuza kidogo. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilizisambaza santuri zake, na zikavuka mipaka kuliko mwenyewe alivyowahi kusafiri.

Siri yake iko mkono wa kulia. Wapiga gitaa wa Katanga wa kizazi kile walitumia vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Gumba hukaa kwenye nyuzi nene za juu na kutembea kwa mapigo yasiyoyumba, likitoka uzi mmoja kwenda mwingine na kurudi, nalo ndilo besi na ngoma. Kidole cha shahada hufanya kazi kwenye nyuzi nyembamba za chini, kikichomoa sauti za juu kati ya hatua za gumba, mara nyingine kikitangulia pigo, mara nyingine kikichelewa kwa makusudi. Masikio ya msikilizaji hudanganyika: husikia watu wawili wanaozungumza, wa chini akisema jambo lilelile na wa juu akimjibu kila mara kwa namna nyingine. Mwimbaji akiongeza sauti yake, ambayo nayo haifuati mapigo ya gitaa moja kwa moja, wanakuwa watatu. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliona jambo hilo linastahili kuandikwa kwa nota, kidole kwa kidole, na uchambuzi wake ulichapishwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962.

Watu wengi hudhani kinachoteka hadhira ni kasi ya vidole. Kasi hustaajabisha kwa dakika moja, kisha huchosha. Kinachomshika mtu kwenye kiti ni gumba lisilokosea. Pigo la chini likikaa sawa, miguu ya wasikilizaji huanza kutikisika bila wao kujua, na hapo mpigaji anapata uhuru wa kucheza na kidole cha shahada atakavyo. Gumba likiyumba mara mbili, mazungumzo huanza meza ya nyuma, na kuyazima ni kazi kubwa. Anayekwenda kusikiliza wapigaji chipukizi aangalie kwanza gumba, kabla ya kuvutiwa na mkono wa kushoto unaokimbia shingoni mwa gitaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni. Watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walimwelewa alichoimba, kwa sababu alikiimba kwa Kiswahili cha Katanga, chenye lafudhi yake na vituko vyake, lakini Kiswahili. Wapigaji vijana wa Kenya walijifunza nyimbo zake kwa kusikiliza redio na kurudia hadi vidole vikaelewa. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alifanya kazi Nairobi na kuwa kipenzi cha wasikilizaji. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani, akatumbuiza kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport. Alirudi kuishi Lubumbashi, akapata wanafunzi wa mbali kama John Low, Mwingereza aliyesafiri hadi huko kujifunza kwake, na alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia Septemba 1990.

Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1930, aliupa mtindo wa vidole viwili sura ya Waluhya. Mtindo huo uliitwa omutibo. Pembeni ya mpiga gitaa alikaa mtu mwenye chupa ya soda, akiigonga na kuikwaruza kwa kipande cha chuma ili kushika mapigo. Chupa ile ilipatikana kila duka la kijijini na haikuhitaji kubebwa kutoka mbali. Sengula Nakupenda ni mojawapo ya nyimbo zilizombakiza Mukabi midomoni mwa watu. Aliuawa mwaka 1963, akiwa na miaka 33 tu, na wapigaji wa huko bado hupimwa kwa kulinganishwa naye.

Tanzania ilipita njia nyingine. Hapa gitaa lilikua ndani ya bendi. Dar es Salaam, Morogoro, Tabora na Dodoma zilikuwa na vikundi vya jazi, na kijana mwenye kipaji alitafuta nafasi ya solo, ridhimu au besi katika kikundi badala ya kukaa peke yake. Mbaraka Mwinshehe ndiye mfano mkubwa. Alizaliwa mwaka 1944, akang'ara na Morogoro Jazz, akawa katika ujumbe uliowakilisha nchi kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na kufariki kwa ajali Mombasa Januari 1979. Gitaa lake lilikuwa la umeme, nyuma yake kukiwa na wenzake wengi. Gitaa kavu lilibaki chombo cha kujifunzia nyumbani, cha kwaya na cha vijana wa shule. Studio za kompyuta zilipoenea kuanzia miaka ya 1990, hata bendi zenyewe zilipungukiwa na kazi, maana msanii aliweza kupanda jukwaani na kuimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa.

Hali hiyo imewapa wapigaji wa kweli thamani mpya. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, husisitiza kwamba wanaopanda jukwaani wapige na kuimba papo kwa papo. Leo Mkanyia, ambaye baba yake alikuwa mpiga gitaa wa bendi za dansi, amejijengea jina kwa muziki anaouita Swahili Blues, ambamo gitaa linasikika waziwazi mbele ya vyombo vingine. Chuo cha sanaa Bagamoyo na Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanzishwa 2002, hufundisha vijana vyombo kwa mpango. Vyote hivyo viko mbali na Singida, lakini barabara haziko mbali: mji wa Singida uko pale ambapo njia ya kutoka Dodoma kwenda Nzega na Mwanza inakutana na ile ya Babati na Arusha, na reli ya kati inapita Manyoni na Itigi. Mpigaji anayeishi hapo anaweza kucheza Dodoma Ijumaa na kurudi nyumbani kwa basi Jumamosi.

Mkoani kwenyewe kazi hufuata shamba. Mavuno ya alizeti, mtama na vitunguu yakiisha na fedha ikipatikana, ndoa na sherehe huongezeka, na huo ndio msimu wa mwanamuziki. Mpigaji mmoja hufaa zaidi sehemu ambazo DJ hafai: wageni wanapokula, wazee wanapotoa nasaha, hoteli jioni, ibada. Ni busara aombe nusu saa hiyo ya utulivu kuliko kushindana na spika usiku wa manane. Nyimbo mbili za Kinyaturu au Kinyiramba ambazo bibi harusi na shangazi zake wanazijua, zikipigwa kwa gumba thabiti, huleta kutuzwa haraka kuliko wimbo wowote wa redioni. Tena mkoa una hazina ya karibu. Wagogo wa Manyoni wana ilimba na zeze, vyombo vilivyopelekwa duniani na Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki 2003. Mpigaji wa ilimba hurudia kifungu kifupi akikigeuza kidogokidogo, jambo lilelile ambalo Mwenda alilifanya kwa nyuzi. Kijana akilihamishia kwenye gitaa atapata sauti ambayo haipatikani Dar es Salaam.

Ukavu wa Singida ni adui wa chombo. Katika miezi isiyo na mvua, mbao za gitaa hupoteza unyevu na kusinyaa. Uso wa kasha huweza kupasuka, shingo kupinda, na nyuzi kuanza kugonga vyuma vya shingoni na kutoa mlio wa kukwaruza. Gitaa lenye uso wa plaiwudi huvumilia kuliko la ubao mmoja, ingawa sauti yake si tamu sana. Kulihifadhi kwenye mfuko wake, mbali na bati linalochemka na dirisha la jua, husaidia kuliko dawa yoyote. Nyuzi za chuma hushika kutu kwa jasho, hivyo hufutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Kwenye ukumbi wenye watu wengi kipaza sauti hakiepukiki, na hapa wengi huharibu. Wakikielekeza kwenye tundu la gitaa, besi huvuma na spika huanza kulia. Kikielekezwa pale shingo inapoungana na kasha, umbali wa kama shibiri moja, gumba na shahada husikika kila kimoja mahali pake. Mpigaji afike mapema, ajaribu sauti kabla wageni hawajaingia, na akumbuke kwamba watu wakijaa ukumbini sauti hupungua ukali.

Msanii anayelipwa anatakiwa kusajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na mtunzi anaweza kusajili nyimbo zake Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Wengi hungoja hadi wimbo uanze kupendwa, na kwa wakati huo tayari mtu mwingine anautumia.

Kujifunza mtindo wenyewe hakuhitaji chuo. Rekodi za Mwenda zinapatikana, na programu za simu zinaweza kuupunguza mwendo wa wimbo bila kubadili sauti. Njia inayofaa ni kuanza na gumba peke yake, nyuzi mbili tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, hadi liweze kuendelea huku mpigaji akizungumza na mwenzake. Kidole cha shahada huongezwa baadaye, sauti moja kwanza, kisha mbili, kwanza pamoja na gumba na halafu katikati ya mapigo yake. Kuimba huja mwisho, nako ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa ulimi hutaka kufuata vidole. Masanga huweza kumchukua mwanafunzi miezi mingi. Akiuweza, mkono wake wa kulia utakuwa tayari kwa nyimbo zake mwenyewe.