Je, Wajua? Miguu Mitatu Yapanda Ndege

Sogea hapa kwenye benchi, mwenzangu, leo tunafungasha begi! Ndani kuna kamera na stendi yake ya miguu mitatu, ile wapiga picha wanayoiita tripodi. Safari ni ya Moshi, kuupiga picha mlima wetu.

Je, wajua kwamba mama zetu waliijua siri ya tripodi kabla kamera haijazaliwa? Mafiga ni matatu, na kwa kuwa ni matatu, chungu hakichezi hata sakafu ikiwa na mabonde. Meza ya miguu minne huwa unaitafutia karatasi ya kukunja uitie chini ya mguu. Ya miguu mitatu haihitaji kitu!

Je, wajua kwamba Kilimanjaro nayo ni mafiga matatu? Kibo, Mawenzi na Shira, volkano tatu zilizoshikana bega kwa bega. Kibo peke yake imefika mita 5,895!

Je, wajua kwamba begi lako la kuja Moshi halibandikwi herufi KIA? Ukiziona kwenye lebo, shtuka, maana hizo ni za uwanja wa Kaiapit, kule Papua New Guinea! Za kwetu ni JRO. Hebu lisome jina la Kilimanjaro mpaka mwisho, utaziona.

Chukua kalamu. Uwanja wa Kilimanjaro, ambao wenyewe tunauita KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, uko mita 894 kutoka usawa wa bahari. Toa hizo kwenye 5,895 za mlima: mita 5,001! Ukishuka ngazi za ndege alfajiri, mawingu yakiwa hayajatanda, kilomita tano za mlima zinakutazama kutoka juu.

Je, wajua kwamba tripodi ya safari hukunjwa ikawa na urefu wa sentimita 40 tu? Miguu inageuzwa juu chini na kukumbatia kichwa chake, kama mwavuli uliofungwa. Ikifunguliwa, nyingine hufika mita moja na nusu, urefu wa mtoto wa darasa la saba!

Nchini Marekani, mamlaka ya usalama wa safari inaruhusu tripodi kwenye begi la mkononi. Lakini popote uendapo, neno la mwisho ni la afisa aliyesimama pale kwenye mashine. Kama miguu ya stendi yako ina misumari ya kuchoma ardhi, ifungue, uifunge kwenye soksi nene na kuitia kwenye begi kubwa.

Je, wajua kwamba mashirika mengi ya ndege hukupa kilo 7 tu za mkononi? Nazo ndege ndogo za kwenda mbugani kwa kawaida hukomea kilo 15, tena zinataka begi laini lisilo na magurudumu. Weka stendi kwenye mizani nyumbani, usisubiri kaunta ikuambie!

Ndiyo maana wapiga picha wanapenda kaboni. Kipande cha kaboni na kipande cha alumini vikiwa na ukubwa ule ule, cha kaboni kina uzito wa karibu sehemu 6 tu kati ya 10 za kile cha alumini. Nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikigandishwa pamoja, zinabeba kamera nzito bila kupinda!

Je, wajua kwamba betri za akiba za lithiamu hazipandi kwenye begi kubwa kamwe? Zinakaa na wewe, kila moja imezibwa ncha zake. Angalia alama ya Wh, yaani wati-saa: chini ya 100 unapita. Pawabenki ya mAh 20,000 ina Wh 74 tu, umepona!

Hili litakushangaza. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani hubanwa ili isiwe nyepesi kuliko ya kimo cha kama mita 2,400. Pale Kilimanjaro, geti la Marangu liko karibu mita 1,900, na vibanda vya Mandara karibu mita 2,700. Kwa hiyo umekaa kitini unakunywa chai, na mapafu yako yako katikati ya msitu wa Marangu!

Je, wajua kuna stendi isiyo na uzito wa kutajika ndani ya ndege? Ni mfuko mtupu wa kitambaa. Ukifika Moshi, nenda soko la Mbuyuni, mama akupimie maharage, ayamimine mfukoni mpaka ujae kama shavu la mtoto. Laza lenzi juu yake na umpige picha mbega wa kule msituni. Safari ikiisha, maharage yanaingia chunguni!

Ukifika geti la mlima, stendi inapimwa tena. Mzigo wa mgumu mmoja, yaani mpagazi wa mlimani, mwisho ni kilo 20, na mizani iko pale pale getini. Tripodi ya kilo 2 ni sehemu ya kumi ya mzigo wake! Kila gramu uliyopunguza nyumbani, kuna bega linalokushukuru.

Je, wajua kwamba mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kibo na wataalamu wa Ulaya wakakataa kumwamini? Miaka 82 baadaye, Januari 1930, rubani Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya kilele, kamera ikiwa ndani ya ndege. Theluji ile ile ikaingia kwenye picha, kutoka angani!

Unarudi kupitia New Zealand? Huko, vifaa vilivyokanyaga porini hutajwa kwa maafisa na kukaguliwa, hata udongo ulioganda. Tope la njia ya mlimani ya Machame kwenye miguu ya tripodi lioshe kabla hujafunga begi.

Je, wajua kwamba skrubu inayobana kamera nyingi juu ya stendi ni ya kipimo kimoja dunia nzima? Upana wake ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Kamera iliyonunuliwa Tokyo inakaa sawasawa kwenye stendi iliyoazimwa Moshi mjini, bila kuulizana kabila.

Na la mwisho, ninalolipenda kuliko yote. Kamera nyingi zina saa ya kuhesabu sekunde 10 kabla ya kupiga. Mtu akishika kamera mkononi, yeye hukosekana kwenye picha. Miguu mitatu ikiishika, anaachiliwa huru. Simamisha stendi, bonyeza, kimbia ukasimame kati ya kiongozi wako na wagumu waliobeba begi lako. Tisa, nane, saba... hakuna aliyebaki nje!