Watoto Wakigeuka Nyumbu

Muulize mtoto wa darasa la nne kwa nini wanyamapori hawaongezeki bila kikomo, atakujibu: wanaliwa na simba. Nusu saa ya mchezo wa mbio uwanjani hulitikisa jibu hilo kuliko somo zima la ubaoni.

Mchezo huu asili yake ni Marekani, ulienezwa na mpango wa elimu ya wanyamapori wa Project WILD kuanzia miaka ya 1980, ukihusu kulungu. Mimi huwapa watoto nyumbu wa Serengeti. Kwa watoto 30, wanane wawe nyumbu na 22 wawe mahitaji yao. Wapange mistari miwili, hatua 20 katikati, wakipeana mgongo. Kila mmoja achague alama kimyakimya: mikono tumboni ni majani, mdomoni ni maji. Alama ya tatu ya asili ni maficho, lakini nyumbu ni mnyama wa mbuga wazi. Kwangu mikono kichwani ni madini ya nyasi fupi za Ndutu, ambako majike huzalia. Filimbi ikilia wote wanageuka, na kubadili alama ni marufuku. Nyumbu humkimbilia mwenye alama kama yake. Akimpata hurudi naye, wakawa nyumbu wawili. Akikosa, amekufa, na raundi ijayo anahamia upande wa mahitaji. Katika rede aliyepigwa hukaa nje. Hapa mfu hurudi udongoni na mchezo unaendelea naye.

Utamu uko kwenye hesabu. Nyumbu 8 wote wakifanikiwa wanakuwa 16, na mahitaji yanabaki 14. Wawili hawana budi kufa, na kwa kuwa alama hazilingani, hufa wengi zaidi. Chora idadi ya kila raundi kwenye grafu: mstari utapanda, utashuka, utapanda tena. Raundi moja wanong'oneze wa upande wa mahitaji kuwa ni ukame, asiwepo wa maji hata mmoja.

Hapo ndipo uilete Serengeti yenyewe. Chanjo ya ng'ombe ilipokomesha sotoka, ugonjwa uliowaua nyumbu pia, nyumbu waliongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ongezeko likasita. Watafiti walikuta kwamba kinachowabana zaidi ni uhaba wa majani wakati wa kiangazi.

Simba, watoto watamdai tu. Mwingize mmoja raundi za mwisho, arukie mguu mmoja asije akalimaliza kundi, kisha waulize raundi ipi iliua wengi zaidi, yake au ya ukame.