Samaki Wangapi, Unga Kiasi Gani

Ndakala, wale samaki wadogo, zinapofika ufukweni Lweba, huko Fizi, mashariki mwa Kongo, hakuna anayezihesabu. Zinapimwa kwa bakuli. Mgebuka, samaki mkubwa zaidi, ni jambo jingine. Huo unaunyanyua, unautazama macho, unanunua mmoja au miwili. Mama muuzaji anazijua njia hizi mbili bila kufundishwa na mtu. Kiingereza kimezifanya sheria ya sarufi: kinachohesabika huchukua "many", kisichohesabika huchukua "much".

Mwanafunzi wa Fizi hukwama hapa kwa sababu lugha anazokuja nazo sekondari hazimlazimishi kuchagua. Kwa Kiswahili atasema migebuka mingi, unga mwingi, mafuta mengi. Mzizi ni uleule, kinachobadilika ni kiambishi cha ngeli. Kifaransa cha darasani nacho kina "beaucoup de" kwa vyote. Tena maji, maziwa na mawese vimo katika ngeli ya mayai na machungwa, hivyo sikio huvisikia kama wingi. Mtoto akisema "many water", mwalimu asimwite mvivu: amefuata ngeli aliyoinyonya kwa mamaye.

Wanaojifunza nawashauri waanze na swali walilo nalo tayari: ngapi? Mayai mangapi, viti vingapi, watoto wangapi: hapo ni "how many", na nomino iwe katika wingi. Ulimi ukielekea "kiasi gani", kama vile chumvi kiasi gani au unga kiasi gani, tumia "how much". Kipimo hiki kinasaidia sana, ila penye pesa kinavunjika. Sisi husema pesa ngapi, na Kiingereza husema "how much money". Ukitaja sarafu yenyewe, unarudi kwenye kuhesabu: "how many francs", "how many dollars".

Mchele na maharagi navyo vinasumbua. Punje za vyote viwili zinaonekana kwa macho, lakini "rice" haina wingi, na "beans" huhesabika hata zikijaza gunia. Sababu ya kuridhisha hapo usiitafute, kariri tu. Njia ya kukwepa ugumu ni kutaja chombo: "two cups of rice", "three bottles of oil". Kikombe na chupa ndivyo vinavyohesabiwa. Na "fish" hukaa pande zote mbili: "many fish" ni samaki mmojammoja wavuni, "much fish" ni kitoweo kwa wingi wake.

Kifaransa hutega penginepo. Aliyezoea kusema "des informations" na "des bagages" huongeza "s" kwenye "information" na "luggage", maneno ambayo Kiingereza hakiyapi wingi. "Advice" na "furniture" ni hivyohivyo.

Lakini kosa ninalolihofia zaidi ni la herufi moja. "We have a little flour" maana yake unga upo, ingawa si mwingi. "We have little flour" maana yake unga hautoshi. Kwa vinavyohesabika tofauti hiyo hubebwa na "a few" na "few": "a few blankets" ni blanketi kadhaa zilizopo, "few blankets" ni uhaba wa blanketi.

Hofu yangu ina sababu: tangu 1996 watu wengi wa Fizi wamevuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewapokea kwa miaka mingi. Wengine wameendelea hadi Marekani. Njiani kote huko, maneno ya mkimbizi huandikwa kwa Kiingereza na mtu mwingine. Mama akisema kwamba unga uliobaki ni kidogo mno, na mkalimani akaandika "a little flour", ofisa atakayeisoma karatasi ataelewa kwamba nyumba hiyo bado ina chakula. Mkalimani aandike "very little flour". Hapo hakuna atakayeisoma vinginevyo.