Vuta Mkanda Mpaka Mwisho

Miaka miwili nilikuwa naweka pesa pembeni, dirhamu mia leo, mia tano mwezi ujao, mpaka zikafika 30,000. Nilitaka gari la kukimbiza Dubai Autodrome, pale Motor City, siku zile watu wa kawaida wanaporuhusiwa kuingia na magari yao. Sitafuti kombe. Nataka tu kujua naweza nini kona ikinijia, bila kumuua mtu Sheikh Zayed Road.

Moyo ulikuwa kwa Mustang. V8, nyekundu, inang'aa, na muuzaji anataka 28,000 tu! Nikampigia Ami. Ami yangu yuko Ras Al Khor zaidi ya miaka 20, ananunua magari na kuyapeleka Mombasa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akauliza swali moja: "Umevuta mkanda?"

Sikumwelewa. Kesho yake tukaenda pamoja. Boneti hakuifungua kabisa. Aliingia ndani, akashika mkanda wa kiti, akauvuta mpaka mwisho. Kile kipande ambacho siku zote hubaki ndani kilikuwa na mstari wa tope. Akainama kuangalia reli za kiti: kutu. Akanusa zulia. "Mwanangu, hili limelala majini."

Mnaikumbuka ile mvua ya Aprili 2024, kubwa kuliko zote tangu rekodi zianze hapa mwaka 1949. Magari mengi yalizama. Mengine yakakaushwa, yakapigwa polishi, yakarudi sokoni. Injini inawaka, sawa. Lakini nyaya na kompyuta zikishaingia maji, shida huja baadaye, na hutaki ije ukiwa kwenye 180 na kona iko mbele yako.

Nilinuna njia nzima. Ami akasema, "Mwenda pole hajikwai."

"Ami, hizi ni mbio!"

"Mimi nazungumzia kununua."

Basi nikaanza upya, safari hii na hesabu. Mustang ya V8 ina zaidi ya kilo 1,600. Mazda MX-5 ya kizazi cha tatu, iliyouzwa kuanzia 2005 mpaka 2015, ina kama 1,100. Hizo kilo 500 za tofauti zinabebwa na breki na tairi kila kona, na wewe ndiye unayezilipia. Gari jepesi lina nguvu kidogo, lakini linakufundisha kuendesha, na halikufilisi.

Nimenunua MX-5 ya 2009, gia za mkono, spesi za GCC, yaani limetengenezwa kwa joto letu. Rangi imechujuka na jua, paa la kitambaa limechanika. Bei 19,000. Mkanda? Msafi mpaka mwisho.

Zile 11,000 zilizobaki si za turbo, jamani. Kwanza pedi za breki na oili ya breki inayostahimili joto kali, kwa sababu oili ikichemka, pedali inazama na gari halisimami. Halafu tairi, rejeta na helmeti. Halafu bomba la chuma nyuma ya viti, maana gari la wazi likipinduka, kichwa chako ndicho paa. Na kama gari bado litatembea barabarani, ulizia kibali kabla fundi hajakata wala kuchomelea chochote.

Msimu unaanza joto likipungua, Oktoba hivi. Ami ameahidi kuja kutazama. Nimemwambia nitampakia mzunguko mmoja, kilomita 5.39 tu. Amesema yeye atakaa kivulini na chai yake.

Nawe ukienda kuangalia gari, usione haya kuonekana mshamba mbele ya muuzaji. Ingia ndani, kaa, vuta mkanda mpaka mwisho.