Nyutrino: Chembe Inayonaswa Barafuni

Usichanganye nyutrino na nyutroni. Zote mbili hazina chaji, lakini nyutroni hukaa ndani ya kiini cha atomu na tungamo lake hukaribiana na la protoni. Nyutrino ina tungamo dogo mno hata kuliko la elektroni, nayo hupenya karibu kila kitu. Unaposoma mstari huu, mabilioni ya nyutrino kutoka Juani yanapita mwilini mwako bila kugusa chochote.

Kwa nini basi wanasayansi wahangaike nayo? Sababu ni chaji. Protoni itokayo galaksi ya mbali hupindishwa njiani na uga wa sumaku, hivyo ikifika hapa haionyeshi tena ilikotoka. Nyutrino haipindishwi.

Kuinasa ndiyo kazi. Kwenye Ncha ya Kusini kuna kituo cha IceCube, kilichokamilika Desemba 2010: nyaya 86 zenye vihisi vya nuru 5,160, vilivyozamishwa barafuni kati ya kina cha mita 1,450 na 2,450. Mara chache sana nyutrino hugonga kiini cha atomu ikazaa muoni, chembe yenye chaji, ambayo huweza kuipita nuru. Usishtuke: hakuna kinachoipita nuru katika ombwe (3×10⁸ m/s), ila ndani ya barafu kasi ya nuru hushuka hadi 2.3×10⁸ m/s hivi. Chembe yenye chaji ikizidi kasi hiyo hutoa mwanga wa buluu uitwao mwanga wa Cherenkov. Vihisi huupokea kimoja baada ya kingine, na tofauti hizo za muda ndizo zinazoonyesha mwelekeo.

Muoni nyingi mno huzaliwa angani juu ya kituo na kuvuruga hesabu. Kwa hiyo zinazotokea chini huthaminiwa zaidi: muoni haiwezi kuvuka Dunia nzima, nyutrino inaweza.

Tarehe 22 Septemba 2017 ilinaswa ishara ya nyutrino ya takriban TeV 290. Taarifa ilisambazwa ndani ya dakika moja. Upande huohuo wa anga, darubini ya Fermi iliyoko angani ilikuta galaksi TXS 0506+056, yenye shimo jeusi kubwa katikati na umbali wa miaka ya nuru bilioni 4 hivi, ikitoa miali ya gama kuliko kawaida. Uwezekano wa kusadifu ulikuwa mdogo, si sifuri. Ukiulizwa, andika "chanzo kinachodhaniwa".

Hesabu: TeV 1 = eV 10¹², na eV 1 = J 1.6×10⁻¹⁹. Hivyo TeV 290 = 290×10¹²×1.6×10⁻¹⁹ = J 4.6×10⁻⁵. Inaonekana ndogo, lakini imebebwa na chembe moja tu: ni zaidi ya mara 40 ya nishati ya protoni (TeV 6.5) katika mashine kubwa ya CERN mwaka huohuo.