Mwingiliano wa Vigeu vya Makundi katika Rigresheni ya Logistiki

Ukimaliza sehemu hii uweze:
(a) kueleza maana ya mwingiliano;
(b) kukokotoa mwingiliano kutoka kwenye jedwali;
(c) kusoma kila namba ya mlinganyo bila kuichanganya na nyingine.

Maana

Kigeu cha makundi ni kile ambacho majibu yake ni makundi, si vipimo. Jinsia na daraja la tiketi ni mifano. Rigresheni ya logistiki hutumika pale tokeo linapokuwa na sura mbili tu, kama vile kufaulu au kufeli, kuokoka au kufa.

Vigeu viwili vina mwingiliano iwapo athari ya kimoja inategemea kundi la kile kingine. Ukiulizwa, "Je, kuwa mwanamke kulimsaidia abiria kuokoka?" nawe ukajibu, "Inategemea alisafiri daraja gani," basi umekwisha kutaja mwingiliano.

Mfano

Meli ya Titanic ilizama katika Atlantiki ya Kaskazini usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912. Jedwali hili linahusu abiria watu wazima wa madaraja mawili, kwa hesabu za uchunguzi wa serikali ya Uingereza.

| Kundi | Waliookoka | Waliokufa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wanawake, daraja la kwanza | 140 | 4 | 144 |
| Wanaume, daraja la kwanza | 57 | 118 | 175 |
| Wanawake, daraja la tatu | 76 | 89 | 165 |
| Wanaume, daraja la tatu | 75 | 387 | 462 |

Hatua ya 1: Tafuta uwiano wa kuokoka. Gawanya waliookoka kwa waliokufa. Usigawanye kwa jumla.

Wanawake, daraja la kwanza: 140 ÷ 4 = 35
Wanaume, daraja la kwanza: 57 ÷ 118 = 0.483
Wanawake, daraja la tatu: 76 ÷ 89 = 0.854
Wanaume, daraja la tatu: 75 ÷ 387 = 0.194

Hatua ya 2: Linganisha wanawake na wanaume ndani ya kila daraja.

Daraja la kwanza: 35 ÷ 0.483 = 72.5
Daraja la tatu: 0.854 ÷ 0.194 = 4.41

Namba hizi tuziite vizidisho. Katika daraja la tatu, uwiano wa kuokoka wa wanawake ulikuwa mara 4.41 ya ule wa wanaume. Katika daraja la kwanza ulikuwa mara 72.5.

Hatua ya 3: Gawanya kizidisho kimoja kwa kingine.

72.5 ÷ 4.41 = 16.4

Hiki ndicho kizidisho cha mwingiliano. Kama kingekuwa 1, pasingekuwa na mwingiliano. Kadiri kinavyokuwa mbali na 1, ndivyo mwingiliano unavyokuwa mkubwa.

Mlinganyo

Weka M = 1 kwa mwanamke na 0 kwa mwanamume; K = 1 kwa daraja la kwanza na 0 kwa daraja la tatu. Basi:

logarithimu asilia ya uwiano = a + bM + cK + dMK

Kwa jedwali letu: a = −1.64, b = 1.48, c = 0.91, d = 2.80.

Kundi la rejea ni lile ambalo M na K zote ni 0, yaani wanaume wa daraja la tatu. Namba a ni logarithimu ya uwiano wao, 0.194. Namba d ni logarithimu ya 16.4. MK huwa 1 kwa wanawake wa daraja la kwanza peke yao, kwa hiyo d huongezwa kwao tu.

Kosa la kwanza: kuisoma b kama athari ya jinsia kwa wote. Namba b ni logarithimu ya 4.41, nayo inahusu daraja la tatu tu, kwa sababu hapo K = 0. Kwa daraja la kwanza lazima ujumlishe b + d = 4.28, ambayo ni logarithimu ya 72.5. Vivyo hivyo c inahusu wanaume tu.

Kosa la pili: kuiacha d. Ukijumlisha a + b + c bila d, unapata uwiano wa 2.13 kwa wanawake wa daraja la kwanza. Hiyo ni sawa na kusema kwamba 98 kati ya 144 wangeokoka. Waliookoka hasa ni 140. Tofauti hiyo ni watu 42.

Angalizo: taja kipimo ulichotumia

Sasa tumia asilimia badala ya uwiano. Daraja la kwanza waliokoka wanawake 97.2% na wanaume 32.6%, asilimia ya wanawake ni mara 2.98 ya wanaume. Daraja la tatu ni 46.1% na 16.2%, hapa ni mara 2.84. Namba hizi mbili zinakaribiana sana, kana kwamba hakuna mwingiliano!

Hakuna hesabu iliyokosewa. Asilimia haiwezi kupita 100, lakini uwiano unaweza kukua bila kikomo, na wanawake wa daraja la kwanza walikuwa karibu wote wameokoka. Kwa hiyo usiandike tu "kuna mwingiliano". Andika "kuna mwingiliano katika kipimo cha uwiano", kisha toa na asilimia ili msomaji aone watu wenyewe.

Kumbuka pia kwamba d inaonyesha kuwa athari zilitofautiana. Haielezi kwa nini. Sababu hutafutwa nje ya mlinganyo.

Zoezi

Katika daraja la pili waliokoka wanawake 80 na wakafa 13. Wanaume waliokoka 14 na wakafa 154. Ukilinganisha na daraja la tatu:
1. Tafuta kizidisho cha mwingiliano.
2. Je, kusafiri daraja la pili badala ya la tatu kulihusiana na kuokoka kwa namna moja kwa jinsia zote mbili?

Majibu

1. Wanawake: 80 ÷ 13 = 6.15. Wanaume: 14 ÷ 154 = 0.091. Kizidisho cha daraja la pili ni 67.7, kwa hiyo 67.7 ÷ 4.41 = 15.4.
2. Hapana. Kwa wanawake, 6.15 ÷ 0.854 = 7.2, zaidi ya 1. Kwa wanaume, 0.091 ÷ 0.194 = 0.47, chini ya 1. Wanaume wa daraja la pili waliokoka kwa uwiano mdogo kuliko wa daraja la tatu. Hapa mwingiliano umegeuza hata mwelekeo wa athari, na ungejibu kwa namba moja kwa wote ungekuwa umekosea kwa kundi mojawapo.